Chai Tamu ya Mzee Cubaka

"Soksi zake," Nyanchama aliuliza, "zilikuwa zinambana?"

Séphora aliacha kuosha kikombe. "Za Papa? Sana. Nilimununulia kubwa, kisha kubwa zaidi. Jioni akizivua zinaacha alama kama ya kamba."

"Tangu lini?"

"Tangu baridi ianze. Alisema ni juu ya kusimama mingi ku kazi."

Kiti alichowekewa Nyanchama hakukikalia. Alisimama katikati ya jiko la nyumba ile ya Kenmore, koti bado mwilini, akihamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule na kuitazama simu yake kila mara kama mtu aliyeahidiwa habari akanyimwa. Nje upepo wa ziwani ulikuwa ukitikisa mfuniko wa pipa la taka. Aprili ilikuwa imeingia na bado theluji chafu ilikuwa imeng'ang'ania kwenye kona za uzio.

Alikuwa mpelelezi wa vifo wa kaunti. Hakuwa polisi na hakubeba bunduki. Alikuja kutoka Kisii kusoma chuoni Amherst, akabaki, na kazi yake sasa ilikuwa kujua kila maiti iliyolazwa kwenye meza ya ofisi yao ilifikaje pale.

Hii ya safari hii ilikuwa ya Mzee Polycarpe Cubaka, mkimbizi kutoka Fizi, mjane, mzee wa kanisa. Alikuwa ameanguka juma lililopita katika ghala alilokuwa akipanga mizigo. Ambulensi ilimkuta moyo ukirukaruka bila mpango, na kabla ya adhuhuri alikuwa amekata roho. Damu aliyotolewa angali hai ilionyesha kwamba potasiamu yake, yale madini yanayouwezesha moyo kupiga kwa taratibu, ilikuwa imeshuka kupita kiasi. Daktari wa zamu akaandika maneno machache: huenda amezidishiwa vidonge vya kutoa maji.

Na aliyempa vidonge kila siku alikuwa Séphora, mke wa mwanawe Précieux. Kazi yake ilikuwa kuhudumia wazee katika makao ya wagonjwa, kwa hiyo nyumba nzima ilimwachia dawa za mzee. Maneno yale machache yalitoka hospitalini, yakapita kanisani, na yalipofika Grant Street, kwenye maduka ya wakimbizi, yalikuwa yamebaki neno moja tu: sumu. Mwajiri wake alimwambia akae nyumbani mpaka mambo yaeleweke. Mumewe alihamia kochi la sebuleni na hakusema naye.

"Nionyeshe tena," Nyanchama alisema.

Séphora alikausha mikono, akachukua kisanduku cha plastiki chenye vyumba vya siku za juma, akakiweka mezani pamoja na chupa mbili za dawa. "Hii ya presha, moja asubui. Hii ya kutoa maji, moja asubui. Docteur aliongeza nguvu ya hii ya maji mu mwezi wa kumi na mbili, kisha akaongeza tena mu mwezi wa pili."

"Kwa nini aliongeza?"

"Juu presha ilikuwa inapanda."

"Alikuwa anakunywa dawa kila siku na presha inapanda?"

"Kila siku. Mbele ya macho yangu." Séphora alimtazama. "Madame, najua batu wanasema nini. Sikumupa mbili. Sikusahau. Ile Jumatatu alikunywa, akaniambia asante, akaenda."

Nyanchama alikuwa ameshazungumza na mfamasia. Chupa zilijazwa kwa wakati, wala mapema wala kwa kuchelewa, na vidonge vilivyobaki vililingana na siku zilizobaki. Mtu anayezidisha dawa huishiwa kabla ya wakati. Anayeificha hubaki na ziada. Lakini Sajini Pawlak wa polisi alikuwa na jibu la hilo: mhudumu wa wazee angeweza kupata vidonge kwingine. Asubuhi hiyo alikuwa amempigia Nyanchama na kumwambia kwamba anataka neno lake kesho. Akisema ni mauaji, au hata akisema haijulikani, Séphora ataletwa kituoni.

Ila soksi zilimsumbua. Alikuwa ameziona alama zake kwenye vifundo vya maiti, mifereji iliyozama. Aliyezidishiwa vidonge vya kutoa maji hukauka. Midomo hupasuka, ngozi hulegea, presha huanguka. Mzee Polycarpe alikuwa amevimba, na presha yake ilikuwa juu.

"Alikuwa anakula nini?"

"Ugali, sombe, samaki. Chumvi kidogo, sukari hapana. Docteur alimukataza sukari, akaacha kabisa. Tazama." Alifungua kabati. Hapakuwa na sukari. "Hata chai alikunywa bila sukari. Ile chai yake."

"Chai yake?"

Séphora alionyesha chupa ya chai iliyokuwa juu ya friji, ya chuma, iliyobonyea ubavuni. Ghala lilikuwa limeirudisha pamoja na koti lake na miwani. "Alipikaka yeye mwenyewe, kila asubui, mbele miye sijaamuka. Alisema ni dawa ya kwetu. Siku moja nilionja." Alisita. "Ilikuwa tamu."

"Umesema hakutia sukari."

"Hakutia. Nilimuuliza. Alicheka, akasema Mungu alishaweka sukari ndani."

Nyanchama alivaa glavu, akaishusha chupa. Chini yake palibaki machicha ya kahawia. Aliifunga ndani ya mfuko wa ushahidi, akaandika juu yake. "Dawa hiyo alinunua wapi?"

"Sijue. Ila dawa za kwetu zote batu wananunuaka kwa Papa Cikuru."

Chupa aliipeleka kwanza ofisini, akamkabidhi Daktari Kampire, mpasuaji wa maiti, na kumsihi aharakishe. Kisha akageuza gari kuelekea Grant Street.

Duka la Cikuru lilikuwa jembamba na refu, na lilinuka samaki mkavu. Magunia ya unga wa muhogo yalipangwa hadi dirishani. Cikuru mwenyewe alikuwa mtu mnene mwenye sauti ndogo, na alipoona kitambulisho cha kaunti alisukuma kitu kwa mguu chini ya meza ya duka.

"Papa Cikuru, shikamoo. Naitwa Nyanchama. Nimekuja kwa habari ya Mzee Cubaka."

"Mungu amupumzishe. Alikuwa rafiki."

"Ulimuuzia dawa ya kunywa? Ya majani au ya mizizi?"

"Miye nauza chakula."

"Hapo ukutani naona moringa. Naona na tangawizi ya unga."

"Donc, hiyo ni chakula." Jasho lilianza kumtoka juu ya mdomo. "Polycarpe alinunua unga hapa, na samaki. Njo hivyo tu."

"Umesukuma nini na mguu?"

"Karatasi."

"Na nyuma ya lile pazia?"

Cikuru alitazama mlangoni, akatazama pazia. Nyanchama hakungoja. Alilifunua. Nyuma yake palikuwa na rafu zilizojaa makopo madogo yaliyofungwa kwa plastiki, na kwa kitambo alidhani amefika. Alichukua kopo moja, akaligeuza kwenye mwanga. Yalikuwa mafuta ya kung'arisha ngozi, yale yaliyopigwa marufuku. Akachukua jingine. Mafuta. Rafu nzima ilikuwa mafuta, na lile boksi lililosukumwa kwa mguu nalo ni hayo hayo.

"Haya ni mabaya kwa ngozi za wanawake, Papa."

"Wanayaomba wenyewe."

"Nitayasema mahali panapohusika. Lakini sikuja kwa ajili yake." Alikuwa amekasirika, zaidi kwa saa alizopoteza. Alirudisha kopo rafuni. "Mzee alikuwa na presha, na alikuwa anakunywa chai ya dawa. Kama si kwako, kwa nani?"

Cikuru aliona kwamba mafuta yake hayatampeleka jela leo, na ulimi ukalegea. "Mara moja nilimwambia ajaribu moringa yangu. Akakataa. Akasema dawa yake inatoka kwa dada yake, kule Louisville. Dative. Anaisaga yeye mwenyewe, anawatumia ndugu zake. Alisema ni ule muzizi mama yao alikuwa anachemsha kule Fizi."

"Kwa nini hukumwambia mtu?"

"Nani aliniuliza? Wote wanasema ni mukwe."

Simu ya Nyanchama iliita alipotoka tu nje, kwenye njia ya miguu, upepo ukimpiga usoni. Alikuwa Kampire.

"Nimeweka machicha yako chini ya darubini, nikampelekea pia mtu wa mimea hapo chuoni. Atathibitisha kwa maandishi, lakini hana shaka. Umewahi kula peremende nyeusi za likorishi?"

"Mara moja. Nikatema."

"Ni mzizi wake. Mzizi halisi, umesagwa, mwingi. Ni mtamu kuliko sukari."

Nyanchama alianza kutembea kwenda na kurudi mbele ya duka la kutuma pesa. "Unaua?"

"Kidogo kidogo haumsumbui mtu mzima. Ukinywewa kila siku, kwa wingi, unaudanganya mwili. Mwili unashika chumvi na maji, unatupa potasiamu. Kwa hiyo mtu anavimba miguu na presha inapanda."

"Ndiyo maana ya soksi."

"Ndiyo maana. Sasa mpe mtu huyo kidonge cha kutoa maji. Kidonge hicho nacho kinatupa potasiamu. Ni watu wawili wanaochota kisima kimoja."

Nyanchama alisimama. "Ngoja, Daktari. Presha inapanda kwa sababu ya mzizi. Anaenda kwa daktari wake, hasemi habari za chai, kwa sababu chai si dawa ya hospitali. Daktari anaona presha, anaongeza vidonge. Mzee anarudi nyumbani, anaona presha bado iko juu, anafanya nini?"

"Anaongeza chai."

"Na daktari anaongeza tena vidonge."

"Mpaka kisima kinakauka," Kampire alisema. "Huyu binti alimpa mzee vidonge sawasawa. Kiwango kilichokuwa kwenye damu ndicho hasa kilichoandikwa na daktari. Hilo nitalitia sahihi leo."

"Mweleze Pawlak mwenyewe, tafadhali. Mimi kuna mtu mwingine namtafuta."

Kulikuwa na ndugu wengine. Cikuru alisema: anawatumia ndugu zake.

Précieux alifanya kazi katika kiwanda cha vioo vya magari. Alitoka nje kwenye maegesho akiwa na vazi la kazi na kinga ya masikio shingoni, na hakumpa Nyanchama mkono.

"Umemukamata?"

"Hakuna wa kukamatwa. Nipe namba ya shangazi yako Dative."

"Shangazi anahusika nini? Miye nilikuambia nani anahusika." Alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala. "Waligombana, yeye na Papa. Papa alitaka kuhamia Louisville, Séphora akakataa. Akasema nani atamuangalia huko na dawa zake. Alimushika kama mutoto."

"Alikataa kwa sababu ya dawa zake?"

"Njo alisema hivyo."

"Basi sikiliza. Damu ya baba yako imepimwa. Mke wako hakukosea hata kimoja. Baba yako alikuwa anakunywa mzizi unaogombana na vidonge vile, na mzizi huo aliusaga shangazi yako. Hakujua. Hakuna aliyejua. Nataka kujua nani mwingine anaunywa."

Mikono ya Précieux ilitafuta mahali pa kwenda, ikaishia kwenye kinga ya masikio.

"Baba yako na ndugu zake wako wangapi?" Nyanchama alisisitiza.

"Watatu. Shangazi Louisville, Papa hapa, na baba mudogo Theogene, iko Columbus."

"Theogene ana presha?"

"Wote wanayo. Bibi yetu alikufa na hiyo tension." Alisema polepole sasa. "Baba mudogo alilazwa mwezi uliopita. Miguu ilikataa, akaanguka ku bafu. Hospitali ikamupa madini ku mshipa, akapona, akarudi kwake. Wiki mbili tena, miguu ikaanza kukataa."

"Hospitalini alikunywa chai ya nani?"

"Haikuwa ya Shangazi," Précieux alisema.

"Yuko wapi sasa?"

"Mu njia. Wanakuja ku maziko. Shangazi alipanda basi mupaka Columbus, kisha wakatoka asubui na gari." Alimeza mate. "Baba mudogo njo anaendesha."

Simu ya Theogene iliita mpaka ikakata. Nyanchama akapiga tena, akitembea kati ya magari, Précieux nyuma yake. Ikakata tena. Akapiga ya Dative. Mara ya tatu sauti ya mwanamke mzee ilipokea, na nyuma yake kulikuwa na ngurumo za malori.

"Mama Dative, shikamoo. Naitwa Nyanchama, niko hapa na Précieux. Mko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Tumesimama kidogo. Theogene amechoka. Mikono yake imejikunja, vidole havifunguke. Niko namupa chai apate nguvu."

"Usimpe."

"Ni dawa, mwanangu. Ya kwetu."

"Mama, nakuomba. Ondoa kikombe mdomoni mwake. Ameshakunywa?"

"Kidogo tu."

"Usimwage, funga chupa, weka kando. Asishike gari tena. Asitembee. Mahali mliposimama pana ubao? Nisomee umeandikwa nini."

Alisikia mlango wa gari ukifunguliwa, upepo ukaingia kwenye simu, kisha Dative akiunganisha herufi za Kiingereza moja moja kwa sauti. Kilikuwa kituo cha mapumziko kwenye barabara kuu, kabla ya Erie. Précieux alikuwa ameshatoa simu yake. Nyanchama aliinyakua, akawapigia watu wa dharura wa upande ule, simu moja kwenye kila sikio, akataja mahali, akataja vidonge vya kutoa maji, akataja likorishi na potasiamu, akalazimisha yule wa upande wa pili ayarudie maneno hayo mawili ili ahakikishe yameandikwa.

"Wanakuja, Mama. Na wewe mwenyewe, hii chai unaikunywa?"

"Miye niko napika tu."

"Una hakika?"

"Mwanangu." Sauti ilikuwa imebadilika. "Hii njo ile Polycarpe alikuwa anakunywa. Nilimutumia mufuko mukubwa mu Noeli."

Nyanchama alimtazama Précieux, aliyekuwa ameketi kwenye ukingo wa saruji akiwa ameshika kichwa. Alitafuta la kusema ambalo lingekuwa kweli na lisingemwangusha mwanamke yule peke yake barabarani na ndugu mgonjwa.

"Kaa na Theogene," alisema. "Msemeshe asilale. Usikate simu."

Hakukata. Alizungumza na ndugu yake kwa Kibembe, maneno ambayo Nyanchama hakuyaelewa, mpaka king'ora kiliposikika.

Theogene aliokoka. Moyo wake ulikuwa umeanza kuruka ambulensi ilipofika, lakini walijua cha kutafuta, na jioni ile potasiamu ilikuwa ikipanda. Kesho yake asubuhi Sajini Pawlak alipiga simu, akasikiliza, akasema faili ameifunga, na kwamba angependa mtu amweleze yule mwanamke pole zake. Nyanchama alimjibu kwamba pole husemwa na mwenyewe. Kwenye cheti cha kifo, mahali pa namna ya kifo, aliandika: ajali.

Alasiri alikwenda Kenmore kuwaambia rasmi. Nyumba ilikuwa imejaa. Wanaume walikaa sebuleni na mchungaji, wanawake wenye vitenge walijaa korido na ngazi, sufuria za sombe zilipitishwa mkono kwa mkono. Jikoni alikuwa Séphora peke yake, akipika kwa ajili ya watu wasiomsalimia. Habari ya maabara ilikuwa imefika, lakini ilikuwa imefika kama uvumi, na uvumi wa pili hauendi mbio kama wa kwanza.

"Umewaambia?" Séphora aliuliza bila kugeuka.

"Nimemwambia mume wako jana."

"Yeye amekwenda Erie kumuchukua shangazi. Hajaniambia kitu." Alikoroga. "Labda anaogopa."

Mlango wa mbele ulifunguka. Précieux aliingia akiwa amemshika mkono mwanamke mrefu aliyefungwa shali nyeusi, na sebule ikasimama. Mama mmoja alianza kilio cha kumpokea. Dative aliinua kiganja, na kilio kikakatika.

Hakukaa kwenye kiti cha mbele alichowekewa. Alipita kati ya wanaume, akapita korido, akishika ukuta, mpaka jikoni, na watu wakamfuata kwa macho kisha kwa miguu. Alisimama mbele ya Séphora. Kisha akajigeuza ili wale waliojazana mlangoni wamsikie.

"Kile kitu kiliua ndugu yangu kilitoka ku mikono yangu," alisema. "Nilikitafuta kule Louisville, mu duka. Ule wa mama yetu haupatikane. Nilionja huu, utamu ukawa ule ule, nikasema njo wenyewe. Haikuwa wenyewe. Huyu mutoto alimupa Polycarpe dawa ya docteur vile inapaswa. Mutu akimutaja tena, aanze na miye."

Mchungaji aliinamisha kichwa. Précieux alisukuma watu, akaja mpaka karibu na mkewe, na alipofika hakujua afanye nini, akasimama tu kando yake, bega kwa bega.

"Keti, Shangazi," Séphora alisema. Alivuta kiti. Dative aliketi. Akina mama wa kanisa walianza kuingia mmoja mmoja, wakichukua vijiko, wakiomba sufuria, wakifanya zile kazi ambazo watu hufanya wanapoona aibu. Mmoja alimwambia Séphora apumzike. Séphora hakumsikia. Alikuwa anamtazama Dative, ambaye alikuwa amejaribu kuinuka ampokee mtu mkono, akashindwa. Alijaribu tena. Mapaja yake yalitetemeka, akarudi kitini.

Séphora alichuchumaa mbele yake. "Shangazi. Weye nawe unaikunywa."

"Niache."

"Na kidonge cha maji pia?"

Dative alitikisa kichwa kukubali.

"Mara ya mwisho lini?"

Nyanchama, aliyekuwa mlangoni, alisogea. Dative hakumtazama. Alimtazama Séphora, na sauti yake ilishuka hivi kwamba wao watatu tu ndio waliosikia. "Leo asubui. Niliomba maji ya moto pale hospitali."

"Leo? Baada ya kujua?"

"Alikuwa mudogo wangu," Dative alisema. "Nilimubeba ku mugongo mupaka ku ziwa, tukavuka Tanzania."

Séphora aliinuka. Alimwambia mumewe, na hayo yalikuwa maneno ya kwanza kumwambia tangu kifo, "Lete koti ya Shangazi," na Précieux akaenda kulileta mbio. Walimtoa kwa mlango wa nyuma. Nyanchama aliwasha gari kabla milango haijafungwa, akaingia Delaware Avenue na kushika njia ya hospitali, Précieux mbele, wanawake wawili nyuma, Séphora akiwa ameshika kifundo cha mkono wa Dative kati ya vidole vyake.

"Inaruka?" Nyanchama aliuliza kwenye kioo.

"Mara moja moja. Endesha tu."

"Mungeniacha nimufwate," Dative alisema.

Séphora hakuuachia mkono. "Utamufwata siku yako ikifika. Leo hapana. Nani mwingine ulimupa?"

"Nani nini?"

"Huu muzizi, Shangazi. Kule Louisville. Mu kanisa, mu ba mama wenzako. Miye nakujua. Huwezi kuwa na dawa ukakula peke yako."

Taa nyekundu iliwaka. Nyanchama alifunga breki, akageuka kitini. Hakuwa amewaza hilo. Alikuwa amehesabu ndugu watatu na kuona kazi imekwisha.

"Wako wengi," Dative alisema, na kwa mara ya kwanza tangu aingie Kenmore uso wake ulionyesha hofu. "Wengi wako na tension. Nilikuwa nawagawia Jumapili."

"Simu yako iko wapi?"

"Mu koti."

Séphora aliichomoa mfukoni, akampa Précieux juu ya kiti. Taa ikageuka kijani. Nyanchama aliondoa gari.

"Anza na mwenye hali mbaya zaidi, Mama," alisema.

Dative alifumba macho. "Uwase," alisema. "Juzi aliniambia moyo unamuruka, nikamwambia aongeze kikombe."

Précieux alilitafuta jina, akabonyeza, akaiweka simu kwenye sauti kubwa. Iliita. Iliita tena, ikaita, kisha upande wa pili mtu akapokea.